Sauti au Mikono: Mtoto Asiyesikia Aanzie Wapi?

Mzazi anayeambiwa leo kwamba mtoto wake wa miaka miwili hasikii hutoka hospitalini na karatasi moja ya vipimo, na kabla wiki haijaisha ameshapata ushauri wa aina nne. Mtaalamu wa masikio anamwambia atafute shimesikio, yaani kifaa cha kusikilia, na aanze mazoezi ya kusema mara moja. Bibi wa mtoto anasema ataongea tu, mbona baba yake naye alichelewa. Mwalimu wa kitengo cha viziwi anasisitiza lugha ya alama ianze sasa. Ndugu aliyefuatilia habari za upasuaji wa masikio anaonya kwamba mtoto akizoea kutumia mikono hatasema kamwe. Wote wanne wanaongea kwa uhakika, na watatu kati yao wana ushahidi wa aina fulani.

Mkanganyiko huu una chanzo. Ndani yake kuna ugomvi wa walimu uliodumu zaidi ya karne, kuna sayansi ya ubongo ambayo bado inajibishana yenyewe, na kuna suala la fedha na wataalamu ambalo huku kwetu Afrika Mashariki lina uzito kuliko yote mawili. Uchambuzi huu unazipima hoja hizo moja moja, kisha unaeleza kwa nini, katika mazingira tuliyo nayo, kumzuilia mtoto mdogo lugha ya alama kwa matumaini kwamba sauti itakuja ni hatari kubwa kuliko inavyoonekana.

Tiba ya usemi hutafuta nini

Wengi wakisikia habari za tiba ya usemi hufikiria mtu aliyekaa na kioo na picha za wanyama, akimrudisha mtoto kwenye neno "paka" mpaka litoke sawasawa. Matamshi ni sehemu ndogo ya kazi. Mtoto ambaye masikio yake yana kasoro tangu kuzaliwa anahitaji kwanza kujenga lugha kichwani: kujua kwamba vitu vina majina, kwamba kuna jana na kesho, kwamba mtu akiondoka anaweza kusema anakokwenda na sababu yake. Mtoto anayesikia huyaokota haya bila kufundishwa, kwa kuwa maneno humzunguka kutwa, yakiwemo yale ambayo hakuambiwa yeye. Asiyesikia hupata yale tu ambayo mtu ameamua kumletea.

Ndiyo maana tiba nzuri kwa mtoto mdogo haikai kwenye chumba cha mtaalamu. Mtaalamu humfundisha mama, baba au dada wa kazi namna ya kutumia shughuli za nyumbani, kama kuoga, kuchambua mchele au kuanua nguo, kuwa vipindi vya lugha: kumsogelea mtoto, kumngoja aangalie, kusema sentensi fupi iliyokamilika, kumpa nafasi ya kujibu kwa njia yoyote aliyo nayo. Nusu saa ya kliniki kwa mwezi, bila kazi ya nyumbani, haijengi chochote.

Pia tusisahau kwamba watoto hawa si kundi moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupanga upungufu wa kusikia kwa desibeli: kati ya 20 na 35 ni mdogo, 35 hadi 50 ni wa wastani, na kuanzia 80 ni mkubwa sana. Mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa karibu huwa kwenye desibeli 60 hivi. Mtoto mwenye upungufu wa desibeli 40 anaisikia sauti ya mama yake, lakini konsonanti nyingi zinampita. Mwenye upungufu wa desibeli 90 huenda akashtuka mlango ukibamizwa, na asisikie neno hata moja. Sehemu kubwa ya ugomvi tutakaouchambua hutokana na watu wanaowazungumzia watoto hawa wawili kana kwamba ni mmoja.

Kiswahili nacho kina mambo yake, na ni nadra kuyasikia yakijadiliwa. Kina irabu tano zilizo wazi, silabi zake nyingi huishia na irabu, na mkazo wake unatabirika. Hayo ni mepesi kwa mtoto anayejifunza kusikiliza kwa kifaa. Ugumu uko kwingine. Maana nyingi za Kiswahili hubebwa na silabi fupi zisizo na mkazo, mwanzoni na katikati ya neno. Mtoto asiyeidaka "m" nyembamba hatatofautisha "anapenda" na "anampenda". Asiyezisikia sauti za juu kama "s" na "sh" atasikia "kiu" pale ulipomwambia "kisu". Wingi wa Kiingereza kwa kawaida huonekana mwishoni mwa neno, wetu uko mwanzoni: kiti, viti, mtoto, watoto. Vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa London au Chicago vinamhimiza mzazi akazanie mahali ambapo Kiswahili hakina tatizo, na vinaacha mahali lilipo. Mtaalamu anayevitafsiri tu anapoteza muda wa mtoto.

Kwa nini tunachelewa kujua

Kabla ya kugombania njia, tuangalie saa. Ripoti ya WHO ya mwaka 2021 ilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu wa kusikia, na milioni 34 kati yao ni watoto. Ilieleza pia kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika: rubela wakati wa ujauzito, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano wa mtoto mchanga uliopuuzwa, homa ya uti wa mgongo, surua, usaha masikioni usiotibiwa, na dawa zinazodhuru sikio la ndani kama sindano za jentamaisini zikitolewa bila uangalifu. Tanzania iliingiza chanjo ya surua pamoja na rubela mwaka 2014, Kenya mwaka 2016, na hatua hiyo imewakinga watoto wengi ambao hatutawajua kwa majina.

Waliobaki wanahitaji kugunduliwa mapema. Kanuni inayofuatwa katika nchi zenye uwezo ni ya mwezi 1, 3 na 6: mtoto achujwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Utafiti wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye, hata pale kiwango chao cha kusikia kilipolingana. Kazi za Anu Sharma kuhusu sehemu ya ubongo inayopokea sauti zinaonyesha jambo linalokaribiana na hilo: watoto waliozaliwa bila kusikia na kupandikizwa kifaa cha kusikilia kabla ya miaka 3 na nusu, ubongo wao kwa kawaida huzoea kupokea sauti kama wa watoto wengine, lakini baada ya miaka 7 uwezo huo umepungua sana.

Huku kwetu uchujaji wa watoto wachanga haujawa utaratibu wa kila kituo cha afya. Mtoto kiziwi hudanganya macho ya wazazi bila kukusudia. Katika miezi ya kwanza analia, anacheka na kubwabwaja kama wengine. Anageuka mlango unapofunguliwa kwa sababu ameona kivuli au amehisi mtikisiko wa sakafu. Anapofika mwaka mmoja na nusu bila neno, familia huanza kwa kutafuta kasoro mdomoni: ngozi ya chini ya ulimi inakatwa, kimeo kinakatwa, au mtoto anapelekwa kwenye maombi na kwa waganga. Hospitali nazo zina sehemu yao ya lawama. Kumwambia mzazi "subiri afike miaka mitatu", bila kupima masikio, ni kosa la kitaalamu, na linatendeka.

Matokeo yake ni kwamba mabishano ya nje kuhusu mtoto wa miezi sita yanaletwa huku na kuwekwa juu ya mtoto wa miaka mitatu au minne. Hapo mizani inakuwa nyingine kabisa.

Hoja ya sauti kwanza

Upande wa kwanza unasema: mpe mtoto kifaa bora mapema iwezekanavyo, mzoeshe kusikiliza, na usimchanganye na alama. Hoja hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, ambao wajumbe wake karibu wote walikuwa watu wanaosikia, uliazimia kwamba usemi utangulizwe na alama ziondolewe madarasani. Azimio hilo liliongoza shule za Ulaya kwa miongo mingi, na wamisionari na wafadhili walilibeba hadi Afrika. Ilikuwa mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada, ndipo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulipolijutia azimio hilo na kulikataa.

Itakuwa si haki kuwahukumu watetezi wa sauti wa leo kwa makosa ya Milan. Mikononi mwao kuna zana ambazo watu wa 1880 hawakuziota. Shimesikio za kidijitali huinua sauti kwa kufuata umbo la upungufu wa mtoto mwenyewe. Kifaa kinachopandikizwa kwenye kokilea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, huiruka sehemu iliyoharibika na kuupa mshipa wa fahamu taarifa moja kwa moja. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo serikali ilikuwa ikiwapeleka watoto India kwa gharama kubwa zaidi. Mtoto aliyepandikizwa akiwa na mwaka mmoja, kifaa kikarekebishwa mara kwa mara na familia ikafuata mazoezi, ana nafasi ya kweli ya kuzungumza na bibi yake, kusoma shule ya mtaani na kupiga simu. Kwa wazazi wanaosikia, ambao kwa takwimu za Marekani ndio wazazi wa takriban watoto 95 kati ya 100 wasiosikia vizuri, hii ndiyo njia inayomleta mtoto ndani ya lugha ya nyumba yao. Si jambo dogo, na wanaharakati wanaolipuuza wanawakosea wazazi heshima.

Watetezi hawa pia wana utafiti. Ann Geers na wenzake walichapisha mwaka 2017 matokeo ya watoto wa Marekani waliopandikizwa, wakionyesha kwamba wale ambao familia zao hazikutumia alama walifanya vizuri zaidi katika usemi na kusoma kuliko wale waliotumia. Utafiti huo hunukuliwa sana na kliniki zinazowaambia wazazi waache alama.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, ulipingwa vikali na wataalamu wengine: wazazi wengi waliohesabiwa kuwa wanatumia alama walikuwa wenyewe wanajifunza, na familia ambazo usemi wa mtoto unasuasua ndizo zinazoelekea kuendelea na alama. Katika hali hiyo alama zinaweza kuwa matokeo ya ugumu, zikahesabiwa kuwa chanzo chake. Pili, na hili linatugusa sisi zaidi, njia ya sauti peke yake inategemea mnyororo mrefu ambao kila pingili yake ni lazima ishike. Shimesikio inahitaji betri ambazo hudumu siku chache hadi wiki mbili. Mpira wa sikioni wa mtoto mchanga unabana baada ya miezi michache kwa kuwa sikio linakua, na lazima utengenezwe mwingine. Joto, jasho na vumbi huharibu kifaa. Kifaa kilichopandikizwa kinahitaji marekebisho ya mara kwa mara mwaka wa kwanza, na sehemu yake ya nje ikivunjika bei ya kuirudishia inaweza kuzidi mapato ya familia ya mwaka mzima. Familia ya Kigoma au Turkana yenye bidii zote inaweza kushindwa katika pingili yoyote kati ya hizi, na mtoto akabaki na ukimya kwa miezi kadhaa huku umri ukienda.

Hata pale kila kitu kinapokwenda vizuri, matokeo yanatofautiana sana kati ya mtoto na mtoto, na hakuna daktari anayeweza kumhakikishia mzazi kabla ya upasuaji kwamba wake atasema.

Hoja ya lugha ya alama

Upande wa pili unasema: macho ya mtoto huyu ni mazima. Mpe lugha inayoingia kwa macho tangu siku ya kwanza, naye ataipata yote kama mtoto mwingine anavyoipata ya kwake. Tangu kazi ya William Stokoe ya mwaka 1960, wanaisimu wamekubali kwamba lugha za alama ni lugha kamili zenye sarufi yake, na si maigizo ya maneno ya kinywa. Tanzania ina Lugha ya Alama ya Tanzania, nayo ina kamusi yake. Wakenya huiita ya kwao lugha ya ishara, na Katiba yao ya 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Katiba ya Uganda ya 1995 nayo iliitaja lugha ya alama.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba haitegemei betri. Inamlinda mtoto dhidi ya janga ambalo wataalamu wamelipima vizuri: kukua bila lugha yoyote. Tafiti za Rachel Mayberry kuhusu viziwi walioanza lugha yao ya kwanza wakiwa wamechelewa zinaonyesha kwamba pengo hilo halizibiki kabisa hata baada ya miaka mingi ya kutumia lugha. Anayekosa lugha utotoni hupata taabu pia katika kusoma, kuhesabu, kueleza maumivu yake hospitalini, na kusema ni nani aliyemdhuru. Hilo la mwisho lapaswa kuwasumbua viongozi wetu kuliko linavyowasumbua sasa, kwa kuwa mtoto asiye na lugha hawezi kutoa ushahidi.

Historia yetu wenyewe inaiunga mkono hoja hii. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Mkazo wa ufundishaji katika miongo ya mwanzo ulikuwa kwenye usemi na kusoma midomo, huku watoto wakijenga alama zao wenyewe mabwenini na viwanjani. Ndiyo sababu mojawapo alama za shule moja zilitofautiana na za nyingine, na kazi ya kuzikusanya ikawa ndefu. Watoto walikuwa wakikidhi hitaji ambalo darasa liliwanyima.

Lakini nayo ina upungufu wake, na watetezi wake hawausemi wazi vya kutosha. Mama anayesikia hawezi kumpa mtoto lugha ambayo yeye mwenyewe haijui. Akijifunza alama hamsini na kuishia hapo, mtoto atapata majina ya vyakula na amri za "njoo" na "lala", si lugha. Madarasa ya lugha ya alama kwa wazazi ni machache, mengi yako mijini, na walimu wengi wa vitengo vya viziwi wenyewe hawaiongei kwa ufasaha. Shule nyingi za bweni humpokea mtoto akiwa na miaka sita au saba, wakati miaka yenye thamani kubwa imeshapita. Zaidi ya hayo, mtoto mwenye upungufu mdogo au wa wastani, ambaye shimesikio ingemwezesha kusikia sehemu kubwa ya mazungumzo, huwekwa wakati mwingine katika kitengo cha viziwi na kuachwa bila kifaa wala mazoezi ya kusema. Huyo naye ananyang'anywa kitu.

Hoja ya kutumia vyote viwili

Upande wa tatu unakataa swali lenyewe. Mtoto apewe kifaa na mazoezi ya usemi, na wakati huohuo apewe lugha ya alama. Baadaye yeye mwenyewe ataegemea inayomfaa. Hofu kubwa hapa ni ileile ya ndugu wa mwanzo: je, mikono haitaua sauti?

Ushahidi wa sasa unasema hofu hiyo haina msingi imara. Kathryn Davidson, Diane Lillo-Martin na Deborah Chen Pichler walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu watoto viziwi wa wazazi viziwi, waliokua na lugha ya alama tangu kuzaliwa na pia wakapandikizwa kifaa mapema. Kiingereza chao cha kusema kililingana na cha watoto wanaosikia waliolelewa na wazazi viziwi. Idadi ya watoto hao ilikuwa ndogo sana, kwa hiyo tusiukuze kupita kiasi, lakini unatosha kuivunja kauli kwamba alama lazima zizuie usemi. Mwaka 2021, Naomi Caselli, Jennie Pyers na Amy Lieberman walionyesha kwamba watoto viziwi wa wazazi wanaosikia waliokutana na lugha ya alama ya Marekani kabla ya miezi 6 walikuza msamiati unaolingana na umri wao. Hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wazazi hao walikuwa wanajifunza. Hawakuhitaji kuwa mafundi wa lugha ndipo mtoto anufaike. Walihitaji kuanza mapema, na watoto wao wakutane na wanaoijua.

Anayeishi Afrika Mashariki asingepaswa kushangaa. Mtoto wa Mwanza hukua na Kisukuma cha bibi na Kiswahili cha mtaani, na hakuna anayedai kwamba kimoja kitaua kingine. Wazazi wanaoambiwa na kliniki wabaki na lugha moja tu, hata ile ambayo hawaimudu vizuri, wanashauriwa vibaya. Mama amsemeshe mtoto kwa lugha ambayo anaweza kuitumia kubembeleza, kukaripia na kusimulia.

Gharama ya njia hii ni nguvu. Inamtaka mzazi mmoja, mara nyingi mama mwenye genge au shamba na watoto wengine watatu, ahudhurie kliniki ya kifaa, afanye mazoezi ya kusikiliza, na ajifunze lugha mpya. Ikisimamiwa ovyo, mtoto anaweza kupata nusu ya huku na nusu ya kule. Shule nyingi kwetu zinadai kutumia mawasiliano mseto, yaani mdomo na mikono kwa pamoja, lakini mwalimu anayeongea Kiswahili huku akidondosha alama kwa kufuata mpangilio wa maneno ya Kiswahili huziharibu lugha zote mbili. Kutumia vyote viwili kunafaa pale kila lugha inapopata muda wake na mtu wake.

Wataalamu na fedha

Njia zote tatu zinakwama mahali pamoja: watu. Makerere ilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ya kwanza katika ukanda huu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho kimeanza kufundisha shahada ya usikivu na usemi. Hizo ni hatua za kupongezwa, lakini wahitimu ni wachache, na wengi hubaki katika miji mikubwa ambako kuna hospitali za kuwalipa. Mzazi wa Sumbawanga au Lodwar hawezi kusafiri kila wiki kwa kipindi cha nusu saa.

Hapa ndipo serikali zetu zinapaswa kuamua kwa uwazi fedha ziende wapi. Upandikizaji unapendeza kwenye taarifa ya habari, na kwa mtoto aliyeufikia ni baraka. Hata hivyo fedha za upandikizaji mmoja zinaweza kununua zaidi ya mashine moja ya kuchuja watoto wachanga, ile inayoweka kipaza sauti kidogo sikioni na kusikiliza mwangwi wa sikio la ndani kwa dakika chache mtoto akiwa amelala. Bila uchujaji, wanaofika kwenye upasuaji ni watoto wa wazazi wenye elimu na nauli, au ni watoto walioletwa wakiwa na miaka mitano, ambao kifaa kitawasaidia kidogo tu. Ipo hali moja ambapo upasuaji wa haraka hauna mbadala: mtoto aliyepoteza kusikia baada ya homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa kokilea yake inaweza kuanza kuziba kwa mfupa ndani ya wiki au miezi. Huyo asingojeshwe foleni.

Mizani

Tukizipima hoja hizi kwa mazingira ya Ulaya au Marekani, ambako mtoto hugunduliwa akiwa na wiki kadhaa na bima hulipia kifaa, ubishi kati ya sauti na alama unaweza kuendelea kwa muda mrefu, na kila upande ukawa na haki kiasi. Tukizipima kwa mazingira yetu, jibu linakuwa wazi zaidi. Hasara ya kumpa mtoto lugha ya alama ambayo baadaye ataihitaji kidogo ni muda na juhudi za wazazi. Hasara ya kumnyima, kisha kifaa kikagoma, betri zikakosekana au usemi usije, ni mtoto wa miaka sita asiye na lugha. Hasara hizi mbili hazilingani, na anayemshauri mzazi aingoje sauti kwanza anaweka dau ambalo mlipaji wake ni mtoto.

Lakini ushauri ubadilike kati ya mtoto mmoja na mwingine. Mwenye upungufu mdogo au wa wastani, shimesikio inayokaa vizuri na mazoezi ya usemi ndiyo msingi wake. Alama ni nyongeza ya kumsaidia darasani na kwenye kelele. Mwenye upungufu mkubwa sana aliyegunduliwa kabla ya mwaka mmoja aanze alama siku hiyohiyo, wakati familia inatafuta kifaa, na aendelee nazo baada ya kukipata. Aliyefika miaka minne bila neno wala alama hana muda wa majaribio: lugha ya alama ndiyo itangulie kwa nguvu zote, na usemi ufuate kwa kadiri masikio yake yatakavyoruhusu. Wote watatu wapimwe kila siku kwa sauti sita alizozipanga mtaalamu Daniel Ling: a, i, u, m, s na sh. Mzazi azitamke akiwa nyuma ya mtoto. Siku ambayo mtoto hageuki kwenye "s" aliyoigeukia jana, kifaa kina hitilafu au sikio lina uchafu au usaha. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na sauti zote sita zipo katika lugha yetu.

Kwa upande wa serikali, mlango uko wazi tayari. Mama wa Tanzania humpeleka mtoto kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa ajili ya chanjo, kisha miezi 9 na 18. Kipimo cha mwangwi wiki ya 6, kikiandikwa kwenye kadi ileile ya kliniki, kinabakiza muda wa kuthibitisha tatizo ifikapo mwezi wa tatu au karibu na hapo, bila kumwongezea mama safari hata moja. Kwa wilaya ambazo hazijapata mashine, muuguzi anaweza kuuliza maswali machache kila ziara: je, alilazwa akiwa mchanga, alipata umanjano mkali, anashtuka kwa kelele, anageukia sauti asiyoiona? Majibu mabaya mawili yatoshe kumpa rufaa, bila kumngoja afike miaka mitatu.

Na walimu wa lugha ya alama kwa familia hizi wapo. Ni viziwi watu wazima waliomaliza Tabora, Buguruni na shule nyingine, wengi wao hawana kazi ya kudumu. Wakipewa mafunzo mafupi na kuajiriwa pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kiziwi mmoja anaweza kuzitembelea nyumba kadhaa kwa wiki, akamfundisha mama na ndugu za mtoto kwa pamoja, na kumpa mtoto mtu mzima wa kuongea naye kikamilifu. Mtaalamu wa usemi aliyeko mbali anaweza kumsimamia mama kwa simu ya video katika upande wa kusikiliza na kutamka. Mpango wa namna hii unaweza kuanzia katika wilaya mbili au tatu zenye kitengo cha viziwi na hospitali yenye mashine ya mwangwi, ukapimwa kwa miaka mitatu kwa swali moja: mtoto anapoingia shule ana lugha, au hana?